Mtoto akija na sare siku ya utamaduni asikalishwe darasani

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote wa gazeti hili. Mimi ni fundi cherehani hapa Kaloleni, Arusha, huu ni mwaka wa 14 niko kwenye hii kazi na kibaraza changu hakiko mbali na Mnara wa Mwenge. Naandika kuhusu hizi siku maalumu za shule za msingi, siku ya utamaduni, siku ya kazi, siku ya rangi, siku ya pajama, mahafali ya chekechea na nyingine ambazo kila mwaka zinaongezeka. Naandika kama mzazi ila pia kama mtu ambaye nguo nyingi za hizo siku zinapita kwenye cherehani yake, kwahiyo najua zinakula shilingi ngapi na naijua sura ya mama anapokuja kuuliza bei halafu anasema ngoja nikazunguke nitarudi.

Nianze kwa kusema nazipenda hizo siku, sitaki mtu asome hii barua aseme fundi anataka watoto wakae tu darasani wakariri. Mimi nimesoma shule ya serikali kule Kibosho na mambo mengi ya darasani yameshanitoka kichwani lakini siku ya kupanda miti naikumbuka mpaka leo, tulikuja kila mtu na kijembe cha nyumbani na kopo la maji, mti wangu ulikuwa wa tatu kutoka bombani na nilikuwa napita kuuangalia kila asubuhi kabla ya namba. Hakuna aliyenunua kitu. Kwahiyo sina ugomvi na sherehe shuleni, ninachosema ni kwamba siku ni ya mtoto, afanye kitu yeye, na asiachwe nje kwasababu mama yake hakuwa na hela ya nguo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni siku ya utamaduni ya shule anayosoma binti yangu, yuko darasa la tatu. Shule siitaji, ni ya kulipia. Ujumbe uliingia kwenye grupu la wazazi Jumatano saa mbili usiku, kwamba Ijumaa kila mtoto avae vazi la kabila lake na aje na mchango wa sh 15,000 ya chakula, muziki na fulana. Jumatano usiku kwa ajili ya Ijumaa asubuhi! Alhamisi kibaraza changu kilijaa mpaka nje, nilikuwa na oda 11 na mpaka saa nane usiku bado nipo kwenye cherehani, na hao ni wale waliopata kitambaa, maana shuka za kimasai zilizokuwa zinauzwa elfu 12 asubuhi mpaka jioni zilishafika elfu 18, muuzaji naye anaona wazazi wanagombania anafanyaje.

Sasa angalia kilichotokea. Darasa lile lina Wapare, lina Wachaga, Wameru, Wanyaturu, Wahaya, Wairaki, kuna mtoto mmoja baba yake ni wa Pemba kabisa, na Ijumaa asubuhi karibu wote wamevaa shuka nyekundu. Sio kwamba wote ni Wamasai, ni kwasababu hicho ndicho kitu kinachopatikana mjini kwetu haraka, maduka yanauza kwa watalii basi mzazi anachukua hicho anaondoka. Mimi ni Mchaga na baba wa binti yangu ni Mpare, na yeye binti alivaa shuka. Jioni nikamuuliza mmefundishwa nini leo, akasema tumecheza muziki tukapiga picha. Nikamuuliza shuka ina maana gani kwa Wamasai, hajui. Nikamuuliza mmeambiwa nini kuhusu Wapare, hakuna. Na wenye shuka zao, Wamasai na Waarusha, wako hapa hapa mjini, wazee wao unawakuta kila siku, hakuna hata mmoja aliyeitwa aje kuongea na watoto.

Hilo lilinikera ila lililoniuma ni lingine. Binti akaniambia, mama, leo fulani amekaa darasani. Huyo fulani ni mtoto wa jirani yetu, mama yake anauza mboga soko la Kilombero, anaamka saa kumi usiku, mwanae anasoma pale kwa sababu mjomba wake anamlipia ada na ndio hivyo hela ya ziada haipo. Alimpeleka shule na sare yake, imefuliwa, imepigwa pasi, soksi nyeupe. Kufika getini wale waliokuja na sare na hawana mchango wakawekwa darasa moja wakapewa kazi ya kuandika wakati wenzao wako uwanjani. Walikuwa saba. Watoto saba wanasikia muziki dirishani!

Usiku nikaenda kwa yule mama. Nikamwambia dada kwanini hukuja kwangu, mimi ningekushonea bure, mabaki ninayo mifuko. Akanyamaza kidogo akasema, nilikuja Alhamisi jioni nikakuta watu wamejaa, nikaona aibu kukwambia mbele yao sina hela, nikarudi. Yaani alikuja mpaka kibarazani kwangu na mimi niko bize na vipimo sikumwona. Hiyo kitu bado iko kifuani.

Najua kuna atakayesema shule za kulipia ni hiari, ukiona mzigo mkubwa hamisha mtoto. Sawa, ila mtoto ni mtoto. Kwenye shule za serikali elimu bila malipo ilianza Januari 2016 na mwaka 2018 hayati Rais Magufuli alikataza kabisa mwanafunzi kurudishwa nyumbani kisa mchango, watu wote tulimsikia. Sasa kama tulikubaliana kama nchi kwamba mtoto asilipishwe kosa la mfuko wa mzazi wake kwanini jambo hilo liishie kwenye geti la shule ya serikali? Na hata huko serikalini siku hizi nako naona siku za sherehe zinaanza kuja na kijimchango cha pembeni, hakiandikwi popote ila mtoto anarudi nyumbani analia.

Niongelee na siku ya kazi, ile mtoto anavaa kama anachotaka kuwa akikua. Kwenye cherehani yangu nimeshona makoti ya daktari sijui mangapi, mashati ya rubani yenye vile vya mabegani, majoho ya wakili. Kuna baba mmoja alikuja na kitambaa cha mabakabaka anataka mwanae awe mwanajeshi, nikamrudishia kitambaa chake nikamweleza kwa upole kwamba raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni marufuku na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe nguo hizo, akashukuru kwakweli, hakuwa anajua. Walimu nao watoe angalizo hilo kwenye matangazo yao kabla mzazi hajaingia gharama. Ila mimi ninachojiuliza kila mwaka ni kwamba mtoto akishavaa koti la daktari akapigwa picha anakuwa amejifunza nini kuhusu udaktari?

Maana nimeiona siku ya kazi ikifanyika vizuri, na haikugharimu kitu. Kuna shule moja ya serikali hapa mjini, darasa la nne lina watoto 96, madamu wao wa hisabati ni mteja wangu. Mwaka jana akaniambia naomba uje na futi yako na chaki na kipande cha kitambaa, tunafanya siku ya kazi ila hakuna mtoto atavaa chochote tofauti na sare. Nikaogopa, sijawahi kusimama mbele ya watoto wengi vile. Nikaenda.

Nilikuta wameita watu wanne tu, wote wazazi wa pale au majirani. Mmoja dereva wa noah, mmoja mama anayefuga kuku wa mayai, mmoja mgumu wa mlimani, wale wanaobebea wageni mizigo Kilimanjaro, na mimi. Watoto wakagawanywa makundi tunazunguka. Zamu yangu nikawafundisha kupima kifua, kiuno, urefu wa mkono, wakapimana wenyewe kwa wenyewe na kuandika, kelele mpaka basi lakini kelele ya kazi. Halafu nikawapa swali langu la kila mwaka la Novemba, joho moja la mtoto wa chekechea linakula mita moja na nusu, nimepewa oda ya joho 40, ninunue mita ngapi? Wengi wakaanza kuhangaika na ile nusu. Mvulana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye madamu aliniambia baadae kuwa huwa hanyooshi mkono, akasema joho mbili ni mita tatu, kwahiyo hesabu mbilimbili ziko ishirini, ni mita 60. Madamu akamwita mbele aieleze tena kwa chaki. Jamani yule mtoto alivyoandika ile 60 ubaoni! Na binti mmoja akaniuliza kwanini kwenye sketi naacha kitambaa kingi chini nakikunja kwa ndani, nikamwambia ni kwa ajili yako, ukirefuka mama yako ananiletea nafumua nashusha, sketi inakwenda mwaka mwingine. Wote wakaanza kukagua mikunjo ya sare zao.

Yule mgumu alikuja na begi lake na mizani ya kuning'iniza. Akawaambia mzigo wa mtu mmoja mlimani mwisho ni kilo 20 na unapimwa getini, ukizidi haupandi. Wakawa wanatabiri kilo za madaftari, ndoo ya maji, jiwe, halafu wanapima kuona nani amekaribia. Wakajaribu kulibeba lile begi likiwa kilo 20 kamili, wawili wawili, wakatembea nalo mpaka kwenye mwembe na kurudi. Nina uhakika wale watoto mpaka leo wanajua kilo 20 ni nini kwenye mabega na sio kwenye daftari peke yake. Na kulikuwa na mtoto wake pale, mtoto wa mgumu, alivyokuwa anamwangalia baba yake siku ile siwezi kuelezea.

Hiyo ndio siku maalumu mhariri. Sio shilingi hata moja.

Watu wa elimu wanasema mtaala mpya ulioanza 2024 una Sanaa na Michezo, una Historia ya Tanzania na Maadili, kwahiyo hizi siku zina mahali pake kabisa kwenye masomo, sio kitu cha pembeni cha kujaza ratiba. Basi tuzitumie. Siku ya utamaduni ile ile, badala ya kuambia watoto waje na vazi, waambiwe kila mmoja aulize bibi au babu au yeyote mkubwa nyumbani kitu kimoja, aje nacho au aje akieleze. Kwetu uchagani mtoto angekuja na jani la isale, halinunuliwi, liko kwenye kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kwenye hilo jani moja kuna habari ya mpaka wa shamba na kuna habari ya kuombana msamaha, ukipelekewa isale unasamehe. Mwingine angeeleza mfongo, jinsi wazee walivyochimba mifereji kuleta maji ya mlimani mpaka migombani na jinsi wanavyopeana zamu. Mwingine alete kitendawili cha kikwao, mwenzake wa Kimeru aeleze loshoro inavyopikwa, yule wa Pemba aje na habari ya karafuu inavyochumwa na kuanikwa. Darasa la makabila kumi na mbili ni mali, wala haihitaji mtu wa kukodi muziki.

Na mji wetu wenyewe umejaa. Watoto wa Kaloleni wanatembea kwa miguu dakika chache wako Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile jengo ambalo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 ikajadili Azimio, likatangazwa Februari 5. Ni watoto wangapi wanapita pale kila siku kwenda shule na hawajawahi kuingia? Februari shule ziko wazi, hiyo ni siku maalumu tayari iko kwenye kalenda. Kule juu kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo ni makumbusho ya historia ya asili. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO wameipitisha Novemba 2021, wafanye mashindano ya methali, ngonjera, kusimulia hadithi, mtoto mwenye mdomo tu anashiriki.

Siku ya Mtoto wa Afrika nayo niseme kidogo maana inanigusa. Shule ya binti yangu waliifanya mapema kabla ya kufunga likizo ya Juni, wakaleta lile puto kubwa la kurukia na mtu wa kuwapaka rangi usoni, elfu 10 kila mtoto. Sikatai watoto kuruka, waruke. Lakini binti alirudi hajui kwanini tarehe 16 Juni. Nikamkalisha nikamweleza Soweto mwaka 1976, watoto wa shule waliandamana wanakataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana, polisi wa makaburu wakawapiga risasi, na Hector Pieterson alikuwa mtoto wa umri wa darasa la saba hivi. Akanyamaza muda mrefu akaniuliza, mama walikuwa wamevaa sare? Nikamwambia ndio, walikuwa na sare. Mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba habari kama hiyo ukimweleza kwa adabu, tusiwadharau tukadhani wao ni wa kupakwa rangi tu.

Kuhusu mahafali ya chekechea nitasema ukweli, Novemba ndio mwezi wangu mkubwa, joho za satini na zile kofia ndio zinanilipia ada ya Januari. Joho na kofia yake nikikupa kwa elfu 25 hapo sijakuumiza, lakini linavaliwa masaa matatu basi. Nyingine wanazirudisha kwangu nizigeuze gauni na satini ile haikubali hata kugeuzwa vizuri. Sasa kuna shule moja mwaka 2022 mwenye shule aliniagiza joho 36 za saizi tatu, zikawa mali ya shule, zinakaa kwenye tranka na dawa ya nondo, kila mwaka mzazi anatoa elfu 2 ya kufulia na anayeshindwa hiyo elfu 2 haulizwi. Mpaka sasa ni zile zile, mimi nimebadilisha zipu tano na kushona vifungo. Mimi pale nimepoteza oda za kila mwaka, ni kweli, na nasema hadharani shule zote zifanye hivyo. Hela nitaipata kwingine, watu wanavaa nguo kila siku.

Walimu siwalaumu wote. Madamu mmoja wa shule ya binti yangu alinieleza kwa huzuni kwamba wao wanaletewa tu maagizo, picha zinatakiwa za kuweka kwenye ukurasa wa shule ili mwakani wapate wanafunzi, na mtoto mwenye sare anaharibu picha. Hilo neno la kuharibu picha niliondoka nalo nyumbani. Wenye shule nawaomba sana, hata kibiashara tu, mzazi anayekuja kuangalia shule akakuta watoto wanapima mzigo kwa mizani na kupiga hesabu za joho atavutiwa kuliko akikuta mistari ya shuka nyekundu.

Ninachoomba ni kidogo. Siku zote za mwaka mzima ziandikwe kwenye karatasi moja mzazi apewe Januari na sio Jumatano usiku, sare iwe ni vazi halali kwa kila siku, na mchango ukiwepo usiwe tiketi ya kuingia uwanjani. Kama nguo lazima zivaliwe basi shule iwe na tranka lake la mavazi, kanga, lubega, vitenge, makoti, mtoto anachukua anavaa anarudisha. Haya mambo hayahitaji kusubiri wizara, mwalimu mkuu na kamati ya wazazi wanakaa mchana mmoja wanamaliza.

Yule mtoto wa jirani sasa hivi akitoka shule anapitia kibarazani kwangu, nimempa mkasi mdogo na vipande, anashonea mdoli kwa sindano ya mkono na mishono yake imenyooka. Alinionyesha juzi kilemba.

Mabaki ninayo mifuko mitatu, satini, vitenge na tetroni ya sare. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi hapa Arusha, ya serikali au ya kulipia, anayetaka kuanzisha tranka la mavazi kwenye shule yake aje Kaloleni aulizie fundi wa karibu na Mnara, sitachukua hela ya ufundi kwa nguo ishirini za kwanza. Jumamosi kuanzia saa nane mchana nipo na cherehani ya pili inakuwa haina mtu.

Fundi cherehani na mzazi,
Kaloleni, Arusha